Dawa Iliyopungua Chupani

Mimi nina mdomo, na sijawahi kulikana hilo. Mume wangu husema siku nikifa watauzika mdomo kwanza, mimi nitafuata kesho yake. Nimekuwa nesi hapa Arusha kwa zaidi ya miaka thelathini, na kumi ya mwisho nimeifanya kwenye tiba shufaa, yaani kumtunza mtu ambaye hatapona: asiumie, asioze vidonda, asife peke yake. Majirani zangu pale Kaloleni, mtaa niliozaliwa na ninaoishi mpaka leo, wakisikia kazi yangu hunionea huruma. Mimi nawaambia poleni ninyi mnaouza nguo juani. Lakini ipo wiki moja ambayo maneno yangu nusura yamharibie mtu maisha, na kila nikiikumbuka nashusha pumzi upya, wallahi, kama mtu aliyechomoka kwenye gari lililopinduka.

Ilikuwa gerezani. Sisi wa hospitali tulikuwa tumeruhusiwa kuingia Jumanne na Ijumaa kuwaona wafungwa waliozidiwa. Walilazwa kwenye chumba nyuma ya zahanati ya gereza: vitanda vinne, ndoo mbili, na dirisha la juu ambalo asubuhi mawingu yakipungua unaona bega la Mlima Meru, kichwa huoni. Mgonjwa wetu mkubwa wakati huo alikuwa mzee mmoja wa Akheri, kule mtelemkoni mwa mlima huo, mkulima wa migomba na kahawa, na saratani ya tezi dume ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo. Alifungwa kwa kosa gani sikuuliza, na mpaka leo sijui. Ndiyo sheria yangu, siulizi. Nilichokijua ni kwamba kwao alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, na mchungaji wake alikuja kila mwezi kumwombea.

"Shikamoo mzee," nilikuwa nikimsalimu.

"Marahaba mwanangu. Umekuja na yale maji yangu?"

Maji yenyewe ni mofini ya kunywa. Hospitali huichanganya kutoka kwenye unga, ikatiwa utamu kidogo maana ni chungu haswa, kisha ikajazwa kwenye chupa. Kijiko kimoja cha chai kila baada ya saa nne, viwili wakati wa kulala. Mtu aliyekuwa akipiga mayowe jana, leo anakuomba ndizi. Nimeiona mara nyingi na bado inanifurahisha kama mara ya kwanza.

Shida ya gereza ni funguo. Kila kitu kina ufunguo, na mwenye ufunguo hayupo, au yupo kwenye kikao, au ufunguo wenyewe umeingia mfukoni mwa mtu wa zamu nyingine. Maumivu ya mifupa hayasubiri zamu. Nilibembeleza miezi na miezi mpaka tukakubaliwa jambo ambalo halikuwahi kufanyika pale: chupa ikae kwenye kisanduku chenye kufuli chini ya kitanda cha mgonjwa, na ufunguo auvae shingoni mfungwa anayemhudumia. Mbele ya mkuu wa gereza nikajitia kusema, "Likipotea hata tone, nishikeni mimi." Nani aliniuliza? Hakuna.

Yule mhudumu alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye upara ulioanza na mikono mikubwa. Tulimfundisha sisi wenyewe. Kumgeuza mgonjwa bila kumvuta, kusafisha kidonda, kumpa uji kwa utulivu, yote aliyashika kuliko baadhi ya wanafunzi wa uuguzi niliowahi kuwasimamia, wao na simu zao. Mzee alimwita mjukuu ingawa hawakuwa hata kabila moja, naye akamwita babu. Alibakiza miezi minne atoke, kwa sababu mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa theluthi ya kifungo. Akiandikiwa kosa la maana, theluthi hiyo inafutwa. Kwake yeye ilimaanisha miaka miwili mingine na zaidi.

Sasa, sheria yangu ya kutouliza ilinisaidia kwa mzee, kwa mhudumu haikunisaidia. Afande wa zahanati, askari magereza aliyesomea uuguzi, aliniambia bila kuulizwa kwamba jamaa alifungwa kwa kuvunja maduka. Wapi? Kaloleni. Jamani! Marehemu baba yangu alikuwa na duka Kaloleni, na lilivunjwa mara mbili. Mara ya pili walibeba mpaka mizani. Basi nilimheshimu yule mtu kwa kazi yake, lakini kijidudu cha shaka kikabaki moyoni.

Nina kawaida yangu. Kila ninapoondoka, nabandika kipande cha plasta kwenye chupa, pale dawa inapotakiwa kufika siku nitakaporudi. Ijumaa moja nikakuta dawa imeshuka chini ya plasta. Nikapima: vijiko vitano havipo. Nikadhani nilibandika vibaya, nikanyamaza, ingawa nilimgombeza mhudumu kwa jambo jingine. Sakafu kando ya kitanda ilikuwa na msururu wa sisimizi unatoka ukutani mpaka uvunguni.

"Hata kufagia kumekushinda siku hizi?"

"Nitapiga deki, mama. Samahani."

Jumanne nikakuta imepungua tena, na safari hii nilikuwa nimebandika plasta kwa mikono yangu mwenyewe, nikapima mara mbili kabla ya kuondoka. Vijiko saba havipo. Damu ikanichemka. Nikafikiria ile ruhusa niliyoibembeleza, nikafikiria wagonjwa wengine watakaokosa dawa kwa sababu ya mtu mmoja. Nikafikiria na mizani ya baba, msinicheke.

"Imeenda wapi?" nikamuuliza.

Akaangalia sakafu. "Imetumika, mama."

"Imetumika na nani? Unaiuza?"

Akaanza kulikunja shuka miguuni mwa mzee. Mzee alikuwa amepata dozi yake muda mfupi tu, amelala fofofo. Na mimi ukininyamazia ndiyo umenitia petroli. Nikapandisha sauti mpaka wagonjwa wengine wakajifunika mashuka. Nikasema maneno ambayo nisingependa marehemu mama yangu ayasikie. Nikamwambia, "Mwizi ni mwizi tu, hata umvalishe koti la daktari."

Aliuvua ufunguo shingoni, akauweka kwenye kiganja changu, akavikunja vidole vyangu juu yake taratibu kama anavyomfanyia mgonjwa. Afande alikuwa ameshafika mlangoni kwa kelele zangu, na akishasikia hawezi kujifanya hakusikia, ikabidi aandike. Asubuhi ile ile jamaa akapelekwa kwenye kikosi cha shamba. Shauri lake lingesikilizwa na mkuu wa gereza Ijumaa mchana. Chupa ikarudi kabatini, ofisini.

Nyumbani nikamsimulia mume wangu huku nakaanga vitunguu kwa hasira.

"Ulimkuta anakunywa?" akauliza.

"Hapana."

"Ulimkuta anauza?"

"Hapana, lakini chupa…"

"Aa, kumbe umeikamata chupa," akasema, akaendelea kula karanga zake.

Sikumsemesha mpaka Alhamisi. Lakini alichosema kilinikaa.

Ijumaa naingia, afande ananipokea mlangoni uso umemshuka. "Sista, mzee wako anakataa dawa. Tangu juzi. Tukimpelekea kijiko anafumba mdomo kama mtoto."

Nilimkuta amejikunja, magoti yamefika kifuani, shuka limelowa jasho. Mfungwa mpya aliyewekwa kumhudumia alikuwa amesimama na kijiko mkononi, naye karibu alie. Mungu wangu. Siku mbili nzima na mgongo ule, na dawa ipo hatua ishirini kutoka kitandani! Nikapiga magoti.

"Mzee wangu, umechoka? Hutaki tena dawa?"

"Dawa naitaka," akasema kwa shida. "Sitaki kunyweshwa. Nipe mkononi, kwenye kikombe."

Nikamimina kijiko kimoja kwenye kikombe kidogo cha plastiki, nikampa. Akakipokea kwa mkono wa kulia. Alijivuta mpaka ukingoni mwa kitanda, akasema maneno machache ya Kimeru kwa sauti ya chini, akainamisha kikombe, akamwaga kidogo sakafuni. Pale pale kwenye sisimizi. Kisha akanywa iliyobaki.

"Mzee! Unamwaga dawa!"

Akanitazama kama ninavyowatazama wageni wanaoingia na viatu kwenye zulia langu. "Namwaga? Nawapa wazee."

"Wazee gani?"

"Waliotangulia. Mwanangu, tangu nilipokuwa mkubwa wa kuruhusiwa kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, mbele ya watu, sijanywa kitu cha kuuburudisha mwili kabla wao hawajapata. Nianze leo, na uzee huu?" Akapumzika, akavuta hewa. "Baba yangu alikufa na mgongo huu huu. Tulimsikia akilia kuanzia kahawa inachanua mpaka tunaichuma. Hakupata hata tone. Mimi ninywe peke yangu?"

Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa Kiislamu wa mjini, kwetu ukianza kunywa unasema bismillahi, imekwisha. Lakini pale nilikaa chini sakafuni, na sare yangu nyeupe, sikujali sisimizi wala nini.

"Na yule mjukuu wako alijua?"

"Aliniona siku ya kwanza. Dozi yangu ikawa inapungua, maumivu yanarudi kabla ya wakati. Akasema, babu, wewe kunywa kijiko chako chote, ya wazee nitaiongeza juu. Mtu mwema sana. Nilimwapisha asiseme. Mimi ni mzee wa kanisa, mchungaji akisikia nitajificha wapi?" Halafu akaniuliza, "Yuko wapi lakini? Wameniambia kaenda shamba. Nikasema labda kanichoka."

Kumbe hakuwa anajua lolote. Nililia kwanza, ndipo nikamwambia. Nilimwambia yote, na yale ya mwizi ni mwizi nikayatamka tena mbele yake, maana nilistahili kuyasikia. Mzee akaanza kuhangaika na shuka. "Niinueni. Nipelekeni kwa mkubwa nikaseme mwenyewe. Na mchungaji aje, nitasema naye asikie." Mtu ambaye hakuweza kujigeuza! Nikamrudisha kwenye mto, nikamwambia atulie, hilo halikuwa lake la kwenda kusema. Nikampa kijiko cha pili, maana kwa siku mbili zile alistahili, na safari hii nikaongeza ya wazee bila kuambiwa.

Shauri lilikuwa saa nane. Saa saba na nusu nilikuwa mezani kwa afande namweleza huku nahema. Yeye mwenyewe ni Mmeru. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia.

"Sista, wewe umezaliwa wapi?"

"Si unajua, Kaloleni."

"Mlima unauona?"

"Kila siku ya Mungu."

"Basi unauona tu, watu wake huwajui," akasema.

"Na wewe je? Wewe si wa huko huko? Mbona hukushtuka?"

Akakuna kichwa. "Mimi nimeokoka, sista. Kwetu tuliacha tangu enzi za babu. Sikufikiria kabisa." Tukatazamana, wataalamu wawili wazima, tukaanza kucheka kile kicheko cha mtu aliyechungulia shimo akarudishwa nyuma kwa kola ya shati.

Mkuu wa gereza hakucheka. Ni mtu wa kusoma kila karatasi mara mbili. Aliniuliza kama nina uhakika kwamba dawa haikuibwa. Nikamwambia nina uhakika wa jambo moja kubwa zaidi, kwamba mimi ndiye niliyekosea. Nikamwomba aende akaangalie sakafu. Akaenda kweli! Akachuchumaa na magwanda yake, akagusa ile sehemu inayonata, akamuuliza mzee maswali mawili matatu kwa heshima, akaambiwa yaliyobaki. Akarudi ofisini, akanipa karatasi niandike kwa mkono wangu kwamba nilimshutumu mtu bila ushahidi. Niliandika kurasa mbili, akaniambia moja inatosha. Kisha akachukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya lile kosa, akasaini pembeni. Nikakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Theluthi ya mtu imerudi. Na kisanduku kingerudi chini ya kitanda, hilo nalo alilisema, japo kwa sharti kwamba kila kinachotoka chupani kiandikwe.

Tukaandika. Kwenye daftari la dawa, kuanzia siku ile, dozi ya mzee ilisomeka kijiko kimoja na theluthi, na sababu yake nikaiandika waziwazi: hupungua wakati wa kunywa. Mfamasia wetu hospitalini aliponiuliza maana yake nini, nilimwambia apande gari twende akajionee. Akasaini.

Jamaa aliletwa kutoka shamba saa tisa, udongo mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nimesimama mlangoni na hotuba yangu nimeipanga, nimeifanyia mazoezi na machozi yake. Nikafungua kinywa.

"Samahani, mama, nipishe kidogo," akasema, akapita. Akanawa mikono kwenye ndoo, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko kama tulivyomfundisha. Akapiga magoti kando ya kitanda. "Babu. Umekunywa?"

"Nimekunywa," mzee akasema, na uso wake ulikuwa umekunjuka, jasho limekauka. "Na wao wamekunywa."

Hotuba yangu nikaikunja. Nikamrudishia ufunguo, akauvaa, akaanza kunieleza kwamba kidonda cha kiunoni kimeharibika kwa siku zile tatu na kinahitaji dawa ya kusafishia. Tukakisafisha pamoja. Nilipokuwa naondoka mzee akaniita, akanong'ona nisije nikamwambia mchungaji. Nikamwambia, mzee wangu, mimi mwenye ushungi huu mchungaji wako nitamkuta wapi nimsengenyee?

Aliishi wiki tano nyingine, na ninaweza kuapa kwamba hakuna siku katika hizo aliyolia kwa maumivu. Alikula ndizi, alimfundisha mhudumu wake kupogoa mibuni kwa kuonyesha na vidole hewani, aligombana na mfungwa wa kitanda cha pili juu ya mbegu za maharage. Alikufa Jumanne asubuhi baada ya uji, akiwa ameegemea bega la yule mtu, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza naingia na begi langu. Hakukuwa na kelele. Ndugu zake wakaja kumchukua kumpeleka Akheri. Nilisikia ahueni, nasema bila haya, kwa sababu nimeona watu wakifa vingine.

Lakini msamaha nilikuwa bado sijauomba ipasavyo. Kila nikimkaribia nianze, jamaa ana ndoo ya kumwaga, ana mgonjwa wa kugeuza, ana shuka la kuanika. Siku anatoka nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kumsubiri nje ya lango. Akatoka na mfuko wa rambo, amevaa shati lililombana kwenye mabega. Akaniamkia. Nikamwambia, "Leo huna ndoo, utanisikiliza. Nilikuita mwizi mbele za watu, na ulikuwa unafanya kazi yangu vizuri kuliko mimi. Na ulikuwa tayari kukaa miaka miwili kwa ajili ya siri ya mtu. Kwa nini hukunijibu hata neno moja?"

"Babu hakuwa na kitu kingine humo ndani cha kumpa mtu," akasema. "Ningesema, mngekiondoa."

"Naomba unisamehe."

Aliangalia barabara, akabadilisha mfuko mkono.

"Mama, mimi nimeitwa mwizi na watu wengi, na mara nyingi walikuwa sahihi," akasema. "Aliyewahi kurudi kuniambia amekosea ni wewe tu."